Asubuhi Gari la Mzee Mbuthia Lilipokataa Kuwaka

Watu wa mtaa wa Satellite, Nairobi, walimwita Okinyi Daktari, na hawakuwa wanamtania. Mtu alileta gari lake likisukumwa na vijana wanne, akaanza kueleza tangu lini linamsumbua na mafundi wangapi wamelishika, na Okinyi akamnyamazisha kwa kidole kimoja. "Wacha maneno. Piga stata." Kisha aliinama juu ya injini, macho ameyafumba, akasikiliza. Sekunde tano, sita hivi. Alipoyafumbua macho, ugonjwa alikuwa ameshaujua.

Kazi hiyo alijifunzia Industrial Area, katika gereji ya mzee mmoja wa Kikalasinga, alikofika mwaka wa 1981 akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyetoka Ugenya na viatu vya kuazima. Yule mzee hakuwa na subira ya kufundisha kwa maelezo. Alikaa ndani ya gari, akawasha, akamwuliza kijana aliyesimama nje, "Wewe nasikia nini?" Ukisema hujasikia kitu, unafagia gereji juma zima. Okinyi alifagia majuma mengi. Baadaye akaanza kusikia: vali inayogonga, beringi iliyokauka, plagi moja isiyochoma kati ya nne. Alipofungua gereji yake mwenyewe, kiwanja kidogo kando ya Naivasha Road chenye kontena moja kuukuu na udongo uliokuwa mweusi kwa oili, hakuwa na mashine yoyote ya kupimia. Alikuwa na spana zake na masikio yake.

Mwezi wa tatu mwaka wa 2006, jirani yake wa kuziba pancha alikuwa anajaza upepo gurudumu la lori. Okinyi alisimama hatua tano kutoka hapo, anapangusa mikono kwa kitambaa. Ringi ya chuma inayoshikilia tairi ikafyatuka. Mlio wake, watu walisema baadaye, ulisikika hadi Kawangware, na ile ringi iliruka juu ya paa la mabati ikaangukia upande wa pili wa ua. Hakuna aliyeumia. Watu walicheka kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, wakamshukuru Mungu, wakarudi kazini. Okinyi pia alicheka. Lakini kicheko chake mwenyewe hakukisikia.

Kwa siku tatu kichwa chake kilijaa mlio mwembamba kama wa nyenje. Mlio ulipopungua, sikio la kushoto lilibaki kama limezibwa kwa pamba. La kulia nalo lilikuwa limechoshwa na miaka ishirini na mitano ya nyundo na grenda, ila hakuwahi kulitegemea peke yake hata ajue limechoka kiasi gani. Alingoja wiki, akangoja mwezi. Akanunua dawa ya matone katika duka la dawa, akaitumia mpaka chupa ikaisha. Haikumsaidia kitu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na jina lake lote mjini limejengwa juu ya masikio? Akajifunza kuangalia midomo. Akajifunza kucheka wenzake wanapocheka, na kusema "ndio" kwa sauti ya mtu anayewaza jambo zito. Simu alimwachia mkewe Lornah, kwa kisingizio kwamba mikono yake ina grisi. Nyumbani waligombana juu ya televisheni, Lornah akipunguza sauti, yeye akiongeza. Na injini akaanza kuzisikiliza kwa mkono: aliweka kiganja juu ya chuma, na mtetemo ukamwambia mengi. Haukumwambia yote. Magari mawili yalirudi ambayo zamani yasingerudi. Alijiambia ni spea za siku hizi, hazina maisha.

Miongoni mwa wateja wake wa tangu zamani walikuwa Mzee Mbuthia na mkewe Waringa, ambaye majirani walimwita Mama Ciru kwa jina la binti yao. Mbuthia aliendesha treni kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alijenga nyumba za mawe za kupangisha hapo Satellite, na yake mwenyewe nyuma ya geti jeusi. Yeye na Okinyi walipatana sana. Alipokuwa na nguvu alikuja gereji asubuhi, akakalia gurudumu kuukuu, akasimulia jinsi dereva mzuri anavyojua treni imechoka mlimani kabla geji, ile saa ya kupimia, haijaonyesha. "Ukingojea geji," alisema, "umeshachelewa."

Halafu figo zake zikafa. Tangu mwaka wa 2004, kila Jumatatu na Alhamisi saa tatu asubuhi, alitakiwa awe katika hospitali moja ya mjini ili damu yake isafishwe kwa mashine, saa nne mfululizo. Mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Ukichelewa, nafasi yako anapewa mwingine. Waringa ndiye aliyempeleka, kwa stesheni-wagoni yao ya kijivu, gari ambalo Okinyi alikuwa amelitunza kwa miaka saba bila fundi mwingine kuligusa.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha, simu ililia nyumbani kwa Okinyi saa moja kasorobo. Lornah akapokea. Kisha akaja hadi mbele ya mumewe, akamtazama usoni, kama alivyokuwa amezoea kufanya siku hizo bila yeye mwenyewe kujua ni kwa nini.

"Baba Ivyne, ni Mama Ciru. Gari imekataa kuwaka, na leo ni siku ya mzee ya hospitali."

Okinyi hakumaliza chai. Alichukua kisanduku chake cha spana akatoka mbio, na saa moja na dakika tano alikuwa ndani ya lile geti jeusi.

Mbuthia alikuwa ameshaketishwa kwenye kiti cha abiria, tayari kwa safari, amevaa koti zito na skafu ya sufu iliyomfunika mpaka puani kwa sababu ya baridi. Waringa alikuwa nyuma ya usukani. Kanyiva, aliyewafanyia kazi za nyumbani, alisimama mbele ya gari na mwavuli mkubwa.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Si nzuri, Okinyi. Jana jioni niliiegesha hapa ikiwa sawa kabisa. Sasa inazunguka tu, inazunguka tu, haishiki."

"Wacha nione. Piga stata."

Injini iliyo nzima ikipigwa stata huwa na mdundo. Kila pistoni inapopanda hukuta upepo uliobanwa, inakaza, inausukuma, inalegea, halafu nyingine nayo inakaza. Hata mtu asiye fundi anaujua mdundo huo bila kujua kwamba anaujua. Asubuhi ile haukuwepo. Gari la Mbuthia lilizunguka kwa wepesi, kwa sauti moja iliyonyooka, kama baiskeli iliyotoka mnyororo. Mwaka mmoja kabla ya hapo Okinyi angelitambua hilo akiwa bado getini.

Alichosikia ni stata tu, kwa mbali, kama mtu anayesaga kitu chumba cha pili. Akaweka kiganja juu ya injini. Ilitetemeka. Mvua nayo ilikuwa inapiga boneti, mwavuli wa Kanyiva unamwaga maji mgongoni kwake, na mkono haukuweza kutenganisha hiki na kile. Akajiambia kwamba mdundo upo.

Basi akaanza mahali ambapo fundi yeyote huanza akishaamini injini yenyewe ni nzima. Betri ilikuwa na nguvu. Mafuta yalikuwa yanafika. Akafungua plagi moja, akailaza juu ya chuma, akamwambia Waringa apige tena, naye akainama kuangalia kama itatoa cheche. Haikutoa hata moja.

Okinyi akanyooka, moyo umetulia. "Ni moto, mama. Moto ndio haufiki kwa plagi. Nipe nusu saa."

"Ama niite teksi?" Waringa alikuwa na simu mkononi.

"Ya nini? Nusu saa tu, mtaondoka."

Na kwa kuwa katika miaka saba Okinyi hakuwahi kumwambia nusu saa ikawa saa nzima, Waringa akaiweka simu kwenye dashibodi.

Okinyi alikimbia hadi kontenani kuchukua koili, ile ya kuzalisha moto, aliyojua ni nzima. Akarudi, akaifunga. Stata ikazunguka, moto hakuna. Akaangalia waya mmoja mmoja, akakwangua kutu kidogo aliyoiona, akafunga tena. Hakuna. Saa mbili ilikuwa imefika. Jasho lilimtoka kwenye ile baridi.

"Dakika kumi na tano, mama. Nimeshaiona. Ni kile kisanduku kidogo cha umeme kilicho ndani ya distribyuta. Hivyo huwa vinaungua."

Waringa akapiga stata mara nyingine bila kuambiwa, kama mtu anayejaribu bahati yake. Ndipo dirisha la upande wa Mbuthia likashuka kidogo. Okinyi, aliyekuwa amesimama karibu na madigadi ya mbele, aliiona ile skafu ikitikisika. Mzee alikuwa anasema kitu. Maneno yenyewe hayakumfikia, na midomo ya kuisoma haikuonekana. Ilimpasa aseme, samahani mzee, sijasikia. Ni maneno matatu. Lakini angelazimika kusogea, atege sikio la kulia kama kikongwe, aombe mzee arudie, pengine mara mbili, mbele ya Mama Ciru na Kanyiva, siku ambayo kila mtu alikuwa anamtegemea.

"Ndio, mzee," alisema. "Hiyo ndio naangalia."

Mbuthia alimtazama kitambo. Kisha akapandisha dirisha.

Okinyi alivuka hadi Kawangware kwa mtu aliyeuza spea kuukuu, akachambua katika ndoo mpaka akapata kile kisanduku, akarudi akikimbia kwenye matope. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, akaangusha skrubu moja ikaingia chini ya injini, akalala tumboni kwenye maji kuitafuta. Alipomaliza kufunga hakumtazama Waringa usoni. Alinyoosha mkono tu, kama kusema jaribu.

Stata ikazunguka. Ikazunguka. Ikazunguka.

Waringa akaondoa ufunguo. Alichukua simu, akaita teksi, na teksi ilipofika saa tatu na nusu, Okinyi na dereva walimbeba Mzee Mbuthia wakamhamisha. Alikuwa mzito kwa maji yaliyojaa mwilini, na vifundo vya miguu yake vilikuwa laini kama unga uliokandwa. Alimpigapiga Okinyi begani mara mbili. Waringa akapanda nyuma, teksi ikatoka.

Barabara ya Waiyaki ilikuwa imefungana kwa ajili ya mvua, kwa hiyo dereva akakatia Lavington, na huko nako wakakwama kati ya kuta ndefu zenye maua juu, nyuma ya magari ya watu wanaoenda kazini. Walifika hospitalini saa tano kasorobo. Mwuguzi aliwapokea kwa heshima, akaonyesha huruma, lakini mashine ilikuwa imeshafungwa kwa mgonjwa mwingine na nyingine zote zimejaa, leo na kesho. Waje Jumamosi saa mbili asubuhi. Asile ndizi wala viazi, asinywe maji mengi. Wakarudi nyumbani.

Haya Okinyi hakuyajua saa ile. Yeye alikuwa bado amesimama katika ule ua. Mvua ilikuwa imepungua. Mwenye gari hayuko, mgonjwa hayuko, hakuna wa kumwonyesha kwamba yeye ni Okinyi. Ndipo akafanya jambo ambalo hata mwanagenzi hulifanya asubuhi ya kwanza, jambo ambalo yeye hakulifanya kwa miaka ishirini kwa sababu masikio yalikuwa yakimfanyia.

"Kanyiva, hebu kaa ndani upige stata nikikuambia."

Alifungua kifuniko cha kumwagia oili juu ya injini. Ndani ya tundu hilo unaona shafti ya juu, ile inayofungua na kufunga vali. Injini ikizunguka, nayo sharti izunguke.

"Piga."

Shafti haikusogea.

"Piga tena."

Injini yote ilikuwa inatikisika kwa chini, na ile shafti ililala pale ikimeta kwa oili, kimya kabisa. Okinyi alifungua kava ya plastiki ya mbele akijua atakachokiona. Mkanda wa taiming, ule wa mpira wenye meno unaounganisha shafti ya chini na ya juu, ulikuwa umekatika, nyuzi zake zinaning'inia. Shafti ya juu ndiyo iliyokuwa ikizungusha distribyuta, kifaa kinachozigawia plagi moto. Yeye alikuwa ameshinda asubuhi nzima akifukuza moto ambao usingeweza kuwepo.

Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, nguo zimelowa. Kubadilisha mkanda kungemchukua asubuhi nzima kwa vyovyote vile, hilo alilijua. Gari lisingeenda popote Alhamisi hiyo hata angekuwa na masikio ya malaika. Lakini angejua saa moja na dakika tano. Angesema, mama, hili leo haliendi, ita teksi sasa hivi. Na teksi ingetoka saa moja na robo, kabla barabara hazijafungana, na saa tatu mzee angekuwa amelala kwenye mashine yake.

Mchana huo alipanda matatu akaenda mjini, Kirinyaga Road, akatafuta mkanda mpya duka hadi duka akinyoosha ule uliokatika juu ya kaunta ili asilazimike kuongea sana. Ijumaa akaufunga. Alipanga alama za shafti zote mbili, akazihesabu, akazihesabu tena, na gari likawaka kwa mguso wa kwanza. Waringa akatoka nje. Alionekana hajalala.

"Ilikuwa mkanda, mama," Okinyi alisema.

"Sasa iko sawa?"

"Iko sawa. Na mzee?"

"Amefura uso. Anasema kifua kinambana. Kesho saa mbili watamwosha damu, Mungu akipenda." Akashika mlango wa gari kama mtu anayetaka kuegemea. "Asante, fundi."

Okinyi alifunga boneti. Akakusanya spana zake akaenda.

Jumamosi gari liliwaka bila shida. Ciru, binti yao, ndiye aliyeendesha, mama yake ameketi nyuma amemshika mzee kifuani. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna magari. Walipofika Westlands Waringa alihisi kichwa cha mumewe kikizidi uzito begani mwake. Alimwita kwa jina. Ciru alisimamisha gari kando ya barabara, akageuka, na hawakuhitaji tena kufika hospitalini kwa haraka. Daktari alisema ni moyo. Alisema mtu wa hali ile angeweza kuondoka wakati wowote, hata asingekosa siku moja.

Walimzika shambani kwao Ndenderu. Okinyi alisimama nyuma kabisa, karibu na wachimbaji. Mchungaji alihubiri muda mrefu na wasimamizi wake wa zamani wa reli wakasema maneno, na yeye hakushika hata moja. Aliona watu wakicheka kidogo, kwa hiyo mtu alikuwa amesimulia kisa kizuri cha marehemu. Aliona wakipangusa machozi. Aliinua mikono wengine walipoinua.

Jumapili iliyofuata, walipotoka kanisani, alimwambia Lornah. Walikuwa wamebaki wawili mezani, binti yao Ivyne ametoka. Alisema yote, kuanzia ile ringi. Alitazama mikono yake wakati wote, na alipoinua uso alimwona mkewe analia bila sauti, au labda kwa sauti.

"Nilijua kuna kitu," Lornah alisema polepole, ili aone kila neno. "Nilidhani ni mimi hutaki kunisikia."

Kisha, alipomwambia anataka kwenda kwa Mama Ciru, akatikisa kichwa. "Utaenda kumwambia nini? Amezika juzi. Wacha huyo mama apumzike, Baba Ivyne. Hiyo maneno ukimpelekea itamsaidia na nini?"

Okinyi alikaa na swali hilo siku nne. Siku ya tano akaenda.

Waringa alikuwa barazani, anapanga sufuria na thermosi za majirani zilizoletwa wakati wa msiba, kila moja na jina la mwenyewe limeandikwa kwenye kikaratasi. Alimkaribisha akae. Okinyi akabaki amesimama.

"Mama, mimi sisikii."

"Unasemaje?"

"Sikio la kushoto limekufa. Hili la kulia lina kidogo tu. Siku ile sikusikia injini. Ingekuwa zamani, ningekuambia papo hapo uite teksi. Nilikuweka ukingoja, na sikuwa najua."

Waringa alikuwa ameshika sufuria. Akaiweka chini.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu," alirudia. Akatazama lango kwa muda. Alipogeuka, midomo yake ilikuwa inatetemeka, na Okinyi akalazimika kukaza macho ili asome. "Mzee alikuambia, Okinyi. Alishusha dirisha akakuambia. Alisema, hii injini inazunguka rahisi sana, haina nguvu, angalia mkanda. Na wewe ukasema, ndio mzee, hiyo ndio naangalia."

Okinyi akaketi, bila kualikwa tena.

"Mimi nikamwuliza, mbona sasa anahangaika na waya? Akaniambia, mwache, anajua kazi yake." Waringa akapumua. "Simu ilikuwa hapa mkononi. Namba ya teksi naijua kwa kichwa. Wiki mbili hizi nimejiuliza, wewe Waringa, ni nini ilikufanya usiite teksi? Kila siku najiuliza hiyo. Na wewe muda huo wote ulikuwa na jibu yangu, umekaa nayo hapo gereji."

"Nisamehe, mama."

Waringa aliinuka, akaingia ndani, na Okinyi akangoja akidhani amekwenda kuleta kitu au kumwita Ciru. Akangoja mpaka Kanyiva akatoka, akasimama mbele yake kwa haya, akamwambia kwamba mama amelala, na kwamba amesema aende nyumbani.

Waringa hakumchongea kwa mtu yeyote. Hakuja gereji tena, na kabla ya Krismasi ile stesheni-wagoni iliuzwa kwa mtu wa Loresho. Okinyi ndiye aliyejitangaza. Kila aliyeleta gari alimwambia kabla hajalishika: mimi masikio yangu ni mabovu, kwa hiyo nitapima polepole, na ukitaka kuniambia kitu simama hapa mbele. Wengine walimpa pole wakamwachia gari. Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana haraka.

Mwezi wa kwanza Lornah alimpeleka mjini kupimwa. Mpimaji, mama mmoja aliyeitwa Phoebe, alimweka katika chumba kidogo kisicho na dirisha, akamvika vifaa vya masikioni, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio, hata uwe mdogo namna gani. Okinyi alikaa mle akakaza nia kama mtu anayefanya mtihani. Alibonyeza. Akabonyeza tena. Alipotoka, Phoebe alimwonyesha karatasi yenye mistari miwili inayoteremka, kisha akamwambia kwa upole, akitamka kila neno, kwamba mara nyingi alibonyeza wakati hapakuwa na mlio wowote. Mshipa wa kushoto haukuwa wa kutibika. Wa kulia ungeendelea kupungua.

Aliisukuma ile gereji miaka miwili zaidi. Mwishowe mwenye kiwanja alitaka kujenga, kontena likapakiwa kwenye lori, na Okinyi akaajiriwa katika gereji kubwa ya huko Lavington, kwenye upande wa breki na springi. Msimamizi humwandikia kazi kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha gari. Injini zina watu wake, vijana wenye kompyuta ndogo wanayoichomeka chini ya usukani. Okinyi hufika wa kwanza, huvaa ovaroli, hufungua magurudumu manne, huyafunga, na kukaza kila nati mara mbili. Hakuna gari lake lililowahi kurudi. Wenzake wanamjua kama mzee mpole asiyependa maneno, na wakati wa chakula cha mchana humwachia nafasi yake mwishoni mwa benchi.